Mkono wa Kuzungusha

Mama Kijino alikuwa fundi wa nguo za watoto, na katika mtaa mzima ndiye fundi pekee ambaye akikwambia Ijumaa alimaanisha Ijumaa hii, si Ijumaa ya wafu kufufuka. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha lililotazama njia. Meza ya kukatia ilikuwa pembeni, na nguo zilizokwisha zilining'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, vigauni na vikaptula, kiasi kwamba mteja akiingia ilimbidi ainame ndipo asalimie. Mumewe alikuwa mchomeleaji wa mageti, mtu wa maneno machache na macho mekundu. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana, ambaye aliota jino la kwanza hata kukaa hajajua. Wakamwita Kijino, na jina la cheti likasahaulika. Katika nyumba hiyo hiyo aliishi dada mdogo wa mume, aliyekuwa akikaanga viazi na kuviuza mbele ya nyumba kila jioni.

Mafuta ya viazi hivyo ndiyo yaliyomwunguza Kijino.

Siku hiyo shangazi mtu aliweka jiko chini, uani, karai limejaa mafuta yanayotokota, akaingia ndani kuchukua chumvi. Ilikuwa kuingia na kutoka tu. Kijino alikuwa anakimbiza mpira. Aliteleza, akatafuta cha kujishikia, akalishika karai. Mafuta yalimwagikia ubavu wa kulia, yakaingia kwapani, yakatambaa upande wa ndani wa mkono hadi karibu na kiwiko. Shangazi alitoka na chumvi yake mkononi, na wanaosimulia wanasema aliishikilia chumvi ile njia nzima ya kwenda hospitali, hakuna aliyekumbuka kumwambia aitupe.

Mtoto alilazwa mpaka wodi nzima ikamzoea. Aliporuhusiwa, vidonda vilikuwa vimefunga, na muuguzi mmoja mnene, mchangamfu, aliwaita mama na shangazi pembeni ya kitanda. Alimshika Kijino mkono, akaunyanyua polepole, mtoto akilia, mpaka ukafika usawa wa jicho.

"Mnaona? Unafika. Sasa kazi ni yenu. Samaki hukunjwa angali mbichi, na ngozi hii nayo hunyooshwa ingali mbichi. Asubuhi na jioni mnyanyueni mkono. Atalia, mwacheni alie. Nyinyi nyanyueni."

Mama Kijino alikubali kwa kichwa. Na mwanzoni alijaribu kweli. Alimkalisha mtoto kitandani, akaushika mkono kama anavyoshika kitambaa cha hariri, akaupandisha hadi kifuani. Kijino akasema, "Mama, unaniua." Hakusema unaniumiza. Mama mtu aliushusha mkono ule, akampakata, akamwambia basi, mwanangu, tutafanya kesho. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Fundi ambaye hakuwahi kumwambia mteja njoo kesho alianza kumwambia mwanawe kesho, na kesho zikafuatana kama shanga kwenye uzi.

Mume alipouliza, "Mazoezi mnafanya?" alijibiwa, "Tunafanya." Yeye aliondoka alfajiri na kurudi jioni akinuka chuma, hakuwa na sababu ya kulitilia shaka neno la mkewe.

Kijino akawa anavishwa fulana kuukuu za baba yake. Zilikuwa pana, zilimfika magotini, na mkono wa kulia ulikaa ndani, umelala juu ya ubavu. Ukimwona kwa mbele ungedhani ameficha kitu. Hakucheza tena njiani. Alikaa chini ya meza ya kukatia, akipanga vipande vya vitambaa kwa rangi.

Ama mama na wifi yake, hawakugombana. Afadhali wangegombana, maana ugomvi huwa na mwisho. Waliishi wakipishana mlangoni kama watu wawili waliopanga nyumba moja bila kujuana. Wifi mtu aliacha kukaanga, akawa anafua nguo za watu. Jiko hakuligusa tena, hata chai alikunywa iliyopikwa na mwingine. Pa kwenda hakuwa napo, wazazi wao walikwisha kufa, na kaka yake ndiye aliyekuwa baba na mama. Kwa hiyo alibaki, na kubaki kwake kulikuwa kama mwiba uliovunjikia ndani.

*

Shule zilipokaribia kufunguliwa, wifi aliingia chumba cha mbele akiwa na kitambaa cha buluu kimekunjwa vizuri.

"Wifi, nimemletea mtoto kitambaa cha gauni la shule."

"Weka hapo," alisema Mama Kijino, macho yakiwa kwenye sindano.

Kikawekwa hapo, na hapo kikakaa. Wateja walikisogeza wapate pa kukaa, naye alikisogeza apate pa kukatia. Mpaka siku mume alipokiokota, akakipima kwa viganja, akauliza, "Huyu mtoto ataanza shule, au amekwisha kuhitimu?" Alisema kama mzaha, lakini hakucheka, na mkewe alijua mzaha wa namna hiyo haurudiwi mara mbili.

Asubuhi yake akachukua futi, akamwita Kijino, akamvua fulana.

Kupima mtoto ni kazi ambayo angeweza kuifanya amefumba macho. Mgongo, bega kwa bega, kifua, kiuno. Halafu tundu la mkono, yaani futi inapita juu ya bega, inazunguka kwapani na kurudi ilikoanzia. Upande wa kushoto ilizunguka bila shida. Upande wa kulia aliipitisha juu ya bega, akaishusha nyuma, akaisukuma ipite kwapani, ikagoma.

Kwapa halikuwepo. Palipokuwa na kwapa palitanda ngozi ya kung'aa, nene, imekazwa kutoka ubavuni hadi mkononi kama utando wa mguu wa bata. Alimwogesha mtoto huyu kila siku, na kila siku sponji ilipita pale. Lakini macho ya mama yana pazia lake, na yeye alikuwa amelishusha kwa muda mrefu. Futi haina pazia. Alijaribu tena, akijidanganya kwamba imekunjamana. Kisha akaiacha ining'inie shingoni.

"Mama, mbona umenyamaza?"

"Nahesabu," akasema, na akaandika vipimo vya upande wa kushoto pande zote mbili.

Mkono wa nguo ya mtoto hushonwa kwa njia mbili. Fundi mwenye haraka hushona wazi: anautandaza mkono juu ya tundu kabla ubavu haujafungwa, anauunga, kisha anapiga mshono mmoja kutoka mwisho wa mkono hadi chini kwenye pindo, kazi imekwisha. Fundi anayejali huzungusha: anafunga ubavu kwanza, anaufunga mkono peke yake uwe kama bomba, halafu anauingiza katika tundu lake na kuuzungushia pini, akiubembeleza upande wa bega kidogo kidogo mpaka kitambaa kikubali kukaa. Huchelewesha, lakini mkono ukikaa umekaa, hauvuti kwapani wala haubebi gauni zima mtoto anaponyoosha kidole darasani. Mama Kijino alizungusha siku zote, hata kwa watoto ambao angewaona wiki hiyo hiyo wakiburuta gauni mchangani. Mafundi wenzake walimcheka. Alisema mtoto hajui njia fupi, kwa nini yeye amshonee njia fupi.

Basi akazungusha. Akapiga bandi, mshono wa muda wa kujaribia, akamwita mtoto ajaribu. Kichwa kilipita, mkono wa kushoto ukapita. Mkono wa kulia ulitakiwa upande juu kidogo, uingie kwenye tundu, na haukupanda. Alijaribu kuanza na ule wa kulia. Alijaribu kumwinamisha. Mwisho alivuta, bandi ikakatika ta-ta-ta, Kijino akang'ata midomo.

"Haliingii, mama. Nirudishie fulana."

Alimrudishia. Akafumua mikono yote miwili, akakaa akiitazama mezani, mikono midogo ya buluu isiyo na mtu. Kisha akapata wazo, na wazo lenyewe lilimfurahisha, ndiyo maana baadaye lilimwuma zaidi. Alikata mikono mipya, mipana, iliyoungana na kiwiliwili bila tundu lolote, mikono ya popo kama wasemavyo mafundi. Ubavu wa kulia hakuufunga. Aliupangia vifungo kutoka mwisho wa mkono hadi kiunoni. Gauni hilo mtoto asingelivaa, angefunikwa nalo kama meza, kisha afungwe vifungo. Mkono ungelala ndani umetulia, na kitambaa kingi kingeufunika, hakuna ambaye angejua.

Alikuwa anatoboa vitundu vya vifungo wifi alipoingia na ndoo ya nguo mbichi, akipita kwenda uani. Akasimama.

"Hiyo ni nini, wifi?"

"Gauni."

"Gauni la shule lenye mikono ya popo?"

"La mtoto aliyeunguzwa," alisema Mama Kijino.

Wifi akaitua ndoo chini taratibu. Alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa tangu siku ile, lakini sasa alikiinua.

"Niliacha moto, wifi. Niliuacha, na nitaingia kaburini nikijua niliuacha. Kila siku unanikumbusha kwa kunyamaza, na mimi nasema sawa, nimestahili. Lakini mtoto huyu alitoka hospitali mkono unafika hapa." Akaweka kiganja usawa wa jicho lake. "Nilikuwepo, niliona. Nimekaa nikisubiri nisikie akilia asubuhi na jioni kama tulivyoambiwa, sisikii. Ningesema nini, mimi niliyemwunguza? Kumwunguza nilimwunguza mimi. Kumgandisha umemgandisha wewe. Na sasa unamshonea gauni la kuganda nalo mpaka ukubwani."

Mama Kijino alikuwa na mkasi mkononi. Maisha yake yote alishukuru kwamba aliuweka mezani kwanza. Kisha akampiga wifi yake kofi ambalo lilisikika hadi njiani.

Wifi hakulishika shavu. Alikuwa anatazama mlangoni, na Mama Kijino alipogeuka alimwona mumewe amesimama pale, miwani ya kuchomelea ipo juu ya paji la uso. Alikuwa amefuata chakula cha mchana.

"Uliniambia mnafanya," alisema.

Hakupandisha sauti. Aliketi kwenye benchi la wateja, akainamisha kichwa kama mtu anayesubiri zamu yake. Kisha sauti ndogo ikatoka chini ya meza ya kukatia.

"Ni mimi, baba. Mimi ndiye nilimwambia mama aache."

*

Daktari alikuwa kijana, amechoka. Aliupima mkono kwa kifaa chake, akaubonyeza ule utando, akasema mazoezi peke yake hapa hayafui dafu tena. Itabidi wakate, wafungue kwapa, wapachike ngozi kutoka pajani. "Mngeendelea kunyoosha tusingefika huku," aliongeza, akiandika. Hakusema kwa hasira, na ingekuwa nafuu angesema kwa hasira. Mama Kijino aliitikia, "Ndiyo, daktari," kwa sauti ya mwanafunzi.

Walimpasua. Kijino alipotolewa chumba cha upasuaji alikuwa na kidonda kipya pajani, na mkono umefungwa juu ya gango, umenyooka pembeni kama mtu anayesimamisha gari. Alikaa hivyo wiki baada ya wiki. Alilala chali, alilishwa, na alijifunza kuwatazama watu kwa upande mmoja. Gango lilipotolewa, yule muuguzi mnene alikuja tena. Safari hii hakuwa na samaki wala mzaha.

"Hii ikijikunja, mama, sijui tutachukua wapi nyingine. Unanielewa?"

Siku waliyorudi nyumbani, jioni, Mama Kijino alikaa kitandani kando ya mwanawe, akaushika mkono. Vidole vyake, ambavyo viliweza kutunga uzi kwenye sindano ndogo kuliko zote, havikuupandisha. Mlangoni alikuwa amesimama wifi.

"Acha nifanye mimi."

"Kwa nini wewe?"

"Mimi ananichukia tayari. Wewe baki mama yake."

Mama Kijino alipaswa kukataa. Alilijua hilo hata alipokuwa akiinuka. Lakini aliinuka, akaenda chumba cha mbele, akafunga mlango katikati yao.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Asubuhi na jioni wifi aliingia chumbani, na Mama Kijino alikaa kwenye cherehani akaikanyaga. Kazi ikiwepo alishona. Isipokuwepo aliweka kipande kibovu chini ya sindano isiyo na uzi, akakanyaga kwa nguvu, akatoboa vitundu vitupu safu kwa safu ili mlio uzime kelele. Majirani waliopita walisema fundi siku hizi kazi zimemfungukia. Kelele hazikuzimika. Alisikia kila kitu. Alisikia Kijino akimwita shangazi yake mchawi, akimwambia angekufa yeye. Hakusikia wifi akijibu. Siku moja wifi alitoka amejifunga kitambaa mkononi, na damu imepenya, alama ya meno mviringo mzima. Mama Kijino akachukua spiriti, akamsafisha. Ilikuwa mara ya kwanza kugusana tangu kofi lile.

"Meno anayo," alisema wifi. "Jina mlimpa sawasawa."

Wote wawili walitaka kucheka, ikashindikana.

Mkono ulipanda. Ulifika begani, ukakaa hapo muda mrefu kama punda aliyegoma, kisha ukafika kwenye jicho. Sikio haukuligusa, na daktari alisema pengine hautaligusa kamwe. Muhula wa kwanza ulikuwa umekwisha kupita. Mwalimu mkuu alikubali mtoto aanze muhula wa pili.

Mama Kijino akakitafuta kitambaa cha buluu. Kilichobaki baada ya ile mikono ya popo kilikuwa kidogo, ikabidi aunge mgongoni. Safari hii futi ilizunguka kulia pia, ingawa kwa kubembeleza, na aliandika vipimo vya kila upande kama vilivyo, maana havikulingana. Upande wa kulia alikata kikwapa, kipande chenye pembe nne cha kutiwa chini ya mkono, nguo ipate nafasi pale ambapo ngozi haikuwa nayo.

Mumewe alikaa kwenye benchi akimtazama. Siku hizi alirudi mapema.

"Kwa nini usitie vifungo ubavuni?" aliuliza. "Asubuhi asipate tabu. Anafungua, anaingia, basi."

Mama Kijino alikuwa ameshaliwaza hilo. Alikuwa na vifungo vyenyewe kwenye kopo, vya buluu, vya kufaa kabisa.

"Akipata njia ya kupitia chini," alisema, "hatapita juu tena. Mimi ndiye najua."

Akafunga ubavu. Akaufunga mkono, akauingiza katika tundu, akaanza kuuzungushia pini. Upande wa kulia ulikuwa mgumu kwa sababu ya kikwapa, ulimchukua mchana wote, akafumua, akarudia, akafumua. Alipomwita Kijino kujaribu, mtoto alilitazama gauni, akalielewa.

"Nitavaaje?"

"Utanyanyua mkono."

Kijino akanyanyua, ukafika shavuni, ukasimama. Mama yake alikaa amelishika gauni wazi juu ya kichwa chake, hakumsaidia, hakulishusha. Machozi ya mtoto yalitiririka bila sauti. Nje mtu alipita akipiga mluzi. Mwishowe mkono ukaongezeka kidogo, vidole vikapata tundu, vikaingia, na kitambaa kikamshukia mwilini. Ukimtazama kwa mbele alikuwa mwanafunzi kama wanafunzi wengine. Ukimtazama kwa makini, bega la kulia lilikuwa chini kidogo.

*

Wifi alipata kazi ya kufua mashuka kwenye hospitali ya mji mwingine, mahali penye chumba cha kulala. Aliaga siku ya mapumziko, begi moja tu mkononi. Kijino aliingia chini ya meza ya kukatia, akakataa kutoka. Baba yake alimwita, akakataa. Shangazi mtu aliinama, akaona miguu miwili na gauni, akasema, "Kwaheri, mwanangu." Miguu ikajikunja zaidi.

Mama Kijino alimsindikiza hadi pembe ya barabara. Walisimama kando ya kibanda kilichofungwa.

"Sasa ni wewe," alisema wifi. "Daktari amesema mpaka aache kukua. Ngozi ile haikui naye."

"Nilikupiga," alisema Mama Kijino.

"Ulinipiga."

"Na ulisema kweli."

"Kweli yangu na kweli yako zote zipo kwenye mkono wa mtoto, wifi. Hatuwezi kugawana." Akabadilisha begi mkono. "Usikae kwenye cherehani. Ukikaa kwenye cherehani utaacha tena."

Wakapeana mikono kama watu wazima, na wifi akaenda zake. Kuombana radhi hawakuombana. Pengine kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze.

Asubuhi iliyofuata Mama Kijino aliingia chumbani mwenyewe. Kijino alikuwa amekaa kitandani, uso umekunjuka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Shangazi ameondoka?"

"Ameondoka."

"Basi yameisha."

"Hayajaisha. Lete mkono."

Mtoto alicheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha aliona jinsi mama yake alivyopiga goti mbele yake, kiganja kimoja begani, kingine chini ya kiwiko, kama shangazi alivyokuwa akifanya, na kicheko kikamtoka usoni. Alimtazama. Mama Kijino aliyafahamu macho yale. Mpaka jana yalikuwa ya kumtazamia shangazi.

"Na wewe?" aliuliza Kijino.

"Na mimi."

Akaupandisha mkono. Mtoto akapiga kelele, naye hakuushusha. Kelele zikageuka matusi, naye hakuushusha. Alipofikisha mahali pa jana alisukuma kidogo zaidi, akashikilia, akihisi chini ya kidole gumba ngozi ile ya pajani ikikaza, ikikataa, kisha ikilegea kwa shida.

Alipomaliza, Kijino alivaa gauni lake mwenyewe, uso umeelekea ukutani. Akabeba mfuko wa madaftari, akapita chumba cha mbele, akatoka. Hakuaga.

Mama Kijino alikaa pale pale sakafuni hadi aliposikia mteja anabisha hodi.